Babu, Tezi Dume na Kikao cha Jumapili

Mwenzangu msomaji, mlezi wa chama chetu alituomba mwaka huu tuache kidogo ngeli na methali, tuandike juu ya sayansi kwa Kiswahili, tuone kama lugha itatutosha. Mimi nimechagua tezi dume. Najua huko nyuma ya darasa kuna walioanza kucheka. Chekeni, kisha msome.

Kwetu ni Mountain View, kando ya Waiyaki Way, jirani na Kangemi. Babu alikuja kutoka Vihiga mwezi wa Aprili, akapewa kitanda chumbani mwangu. Usiku wa kwanza aliamka mara tano kwenda haja ndogo. Mara ya tano nikamwuliza, "Babu, kwani ulikunywa chai birika ngapi?" Akacheka, akanijibu, "Wewe ngoja tu, utafika." Babu na mjukuu ni watani, kwa hivyo mimi aliweza kuniambia yale ambayo asingemwambia baba: kwamba mkojo wenyewe unatoka kwa taabu, unakatikakatika, na kwamba mambo hayo yalikuwa na miaka miwili sasa. Kijijini walimwambia ni uzee tu.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo nilipokwama kwanza. Wengine husema tezi dume, wengine tezi kibofu, na mtaani watu huchanganya yote na busha au ngiri. Busha ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani. Ngiri ni utumbo unaojipenyeza mahali pasipo pake. Tezi dume ni kiungo ambacho kila mwanamume amezaliwa nacho, ukubwa wake kama ndimu ndogo, kinachokaa chini ya kibofu cha mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mrija wa mkojo unapita katikati yake, kama bomba lipitalo ndani ya ukuta.

Sasa tezi hii ina tabia ya kukua mtu anapozeeka. Ikivimba kwa ndani inaubana ule mrija, na ndiyo mambo ya kuamka usiku. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida si saratani. Saratani yenyewe mara nyingi huanzia upande wa nje, mbali na mrija, hivyo mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asisikie lolote. Jambo hili lilinishangaza sana. Yaani aliyekuwa analala usingizi wake mzuri, baba yangu, hakuwa na ushahidi wowote wa kuwa salama kuliko babu.

Hospitalini nilikuwa mkalimani. Daktari alimpima babu kwa kidole (babu aliniamuru nigeuke nitazame ukuta, nikatii), kisha akatoa damu kupima PSA. Hii ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Ikiwa nyingi kwenye damu, huenda kuna saratani, lakini huenda pia ni uvimbe wa uzee au maambukizi. Kwa hiyo kipimo hiki hakihukumu, kinapiga kengele tu. Ya babu ilikuwa 9. Ikafuata picha ya MRI, halafu wakachukua vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa sindano. Zamani watu wengi walichomwa sindano moja kwa moja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 kwa wanaume 500 ulionyesha kwamba kuanza na MRI hugundua saratani za hatari zaidi, na zaidi ya robo ya waliopigwa picha kwanza hawakuhitaji sindano kabisa.

Vipande hivyo hutazamwa kwa hadubini na kupewa alama, kwa njia iliyobuniwa na Mmarekani Donald Gleason katika miaka ya 1960. Siku hizi jumla yake huanzia 6, ambayo ni saratani ya polepole, hadi 10, ambayo ni kali. Babu alipata 6. Daktari akasema, "Kwa sasa hatutakata wala kuchoma mionzi. Tutamwangalia."

Lo! Jumapili hiyo sebule yetu ilijaa. Ami mmoja alisimama na kuuliza, hivi saratani inaangaliwa kama televisheni? Shangazi alitaka ng'ombe wauzwe, babu apelekwe India. Baba alinyamaza. Mimi, mdogo kuliko wote, niliinua mkono kama niko darasani, maana daktari alikuwa amenieleza na nilikuwa nimeandika kwenye daftari.

Nchini Uingereza wanaume 1,643 waliogunduliwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu: wa kuangaliwa, wa kupasuliwa na wa mionzi. Utafiti unaitwa ProtecT, na matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45 tu: 17 walioangaliwa, 12 waliopasuliwa, 16 wa mionzi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema njia moja iliokoa maisha kuliko nyingine. Lakini sikuficha upande wa pili. Kati ya walioangaliwa, karibu 9 kwa kila 100 saratani ilisambaa mwilini, na kwa wengine ni kama 5. Nayo matibabu yana gharama yake: upasuaji huweza kumwachia mtu mkojo unaovuja na unyumba uliokufa, na mionzi huweza kusumbua matumbo. Hapo ami akakaa.

Shangazi hakukaa. Akauliza, "Hao wanaume 1,643 walikuwa weusi?" Swali hilo lilinishinda pale pale, na naliona hadi leo kuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Karibu wote walikuwa wazungu, tena wa miaka 50 hadi 69, na babu ana 74. Watafiti wenyewe wanajua pengo hili. Jirani zetu wa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, walilinganisha jeni za wanaume zaidi ya 1,000, wagonjwa na wasio wagonjwa, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha sehemu moja ya kromosomu ya 8 inayoongeza hatari kwa watu wenye asili ya Afrika. Hapa Kenya saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na wagonjwa wapya wanakadiriwa kupita 3,000 kwa mwaka.

Na ikisambaa? Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago, aliyeanza kwa kuchunguza mbwa, alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume. Ukizizuia, inanywea. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Dawa za leo bado zinapita njia yake: mwaka 2017 tafiti mbili kubwa zilionyesha kwamba kuongeza abiraterone kwenye tiba hiyo kulipunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya thuluthi.

Kikao kiliisha kwa kukubaliana kwamba babu apimwe PSA kila miezi sita, na ng'ombe wabaki. Mtu akataja Profesa Anyang' Nyong'o, aliyegunduliwa na saratani hii mwaka 2010 akiwa waziri wa huduma za matibabu, akatangaza mwenyewe hadharani. Babu akasema kama waziri hakuona haya, naye haoni.

Watu walipokwisha kutawanyika, nilimsomea baba mstari mmoja uliobaki kwenye daftari: mwanamume ambaye baba yake ana saratani ya tezi dume, hatari yake huwa kama maradufu ya mwingine. Baba ana miaka 51. Aliniuliza kama nimemaliza kazi ya hesabu. Nikasema bado. Akasema nenda umalize.

Juzi nimeiona karatasi ya maabara kwenye dashibodi ya gari lake. Imekunjwa mara nne, na mahali pa tarehe bado hapajajazwa.