Mapishi ya Kivietnam kwa Mtoto Anayeanza

Likizo iliyopita nilipata kazi ambayo sikuitazamia. Mama alikuwa kitandani na mguu uliovunjika, baba hurudi usiku, na bibi macho yake hayaoni vema tena. Wadogo zangu wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 8, walikuwa hawajui kupika hata uji. Mimi najua kidogo. Lakini likizo yetu ilikuwa wiki nne tu, na mguu wa mama ulitaka miezi. Basi ilinipasa niwafundishe kabla sijarudi bwenini.

Nilianza na ugali, wakachoka siku ya pili. Ndipo nikakumbuka kitabu nilichokinunua kwa muuza vitabu vikuukuu kando ya barabara, cha kuwafundisha watoto mapishi ya Vietnam. Mtoto hupenda kujaribu kitu kigeni kuliko kile akilacho kila siku. Nawaeleza wasomaji tuliyojifunza, maana huenda na wewe una mdogo wako nyumbani.

Vietnam ni nchi ndefu na nyembamba, pwani ya kusini-mashariki ya Asia. Kaskazini uko Mto Mwekundu na kusini Mto Mekong, na mito yote miwili inapoingia baharini imefanya mabonde makubwa ya mpunga. Wali ndio chakula chenyewe: neno lao “cơm” maana yake ni wali, na ndilo hilo hilo watumialo kwa mlo. Vitoweo huwekwa katikati, na kila mtu ana bakuli lake la wali na vijiti viwili. Katika nyumba nyingi, hasa za kaskazini, mtoto mwenye adabu haanzi kula mpaka awakaribishe wakubwa kwa zamu: babu, bibi, baba, mama. Mdogo wangu wa kiume aliipenda desturi hii kupita kiasi, akawa amkaribisha hata paka.

Kiungo chao kikubwa ni “nước mắm”, yaani maji ya samaki. Dagaa hutiwa chumvi nyingi, kama vipimo vitatu vya samaki kwa kimoja cha chumvi, wakaachwa katika mapipa ya mbao yapata mwaka mmoja, na maji yatokayo ndiyo kitoweleo. Kisiwa cha Phú Quốc chasifika kwa kazi hii. Huchanganywa na ndimu, sukari, maji, kitunguu saumu na pilipili, mtu akachovya tonge lake humo. Sisi hatukuipata, wala sikudanganya kwa kutia kitu kingine na kukiita jina hilo.

Kitabu chenyewe kina kosa moja kubwa. Chaanza na “phở”, mchuzi wa tambi za mchele. Ni chakula kizuri, hapana shaka, lakini mifupa yake hutokota kwa saa nyingi pamoja na mdalasini, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni. Nani atamweka mtoto wa miaka 8 karibu na sufuria ya maji yachemkayo tangu asubuhi hata adhuhuri? Tena mkaa wa nani? Mimi nikaruka mpaka ukurasa wa mwisho, penye “chè chuối”, ndizi za tui.

Bibi aliposikia alicheka sana. “Mjukuu wangu, umevuka bahari kuja kunipikia ndizi za nazi?” Kweli ni karibu sawa. Tofauti ni kwamba wao hutia chembe za wanga wa muhogo, na juu hunyunyiza ufuta au karanga, mahali petu pa iliki.

Chembe hizo tulizifanya wenyewe. Twaa muhogo mtamu, si ule mchungu, kwa maana mchungu una sumu. Menya, kuna, kanda katika maji, kamua kwa kitambaa, kisha uache maji yatulie. Weupe ulioshuka chini ndio uwanga, ule ule wa kupigia kanzu pasi. Mwaga maji, anika. Chukua nusu kikombe, tia maji yaliyochemka kidogo kidogo, kanda, na ufinyange vidonge vidogo kama mbaazi. Kazi hii ni ya watoto hasa. Vidole vyao vyafaa kuliko vyangu. Vichemshe mpaka vielee na kuwa angavu, uvitie katika maji baridi visigandane.

Kisha kata ndizi mbivu sita ndogo, uzinyunyizie sukari vijiko vinne na chumvi kidogo sana, uziache robo saa. Chemsha vikombe viwili vya tui jepesi, tia ndizi, ziive kwa moto wa taratibu yapata dakika kumi. Tia vidonge. Tui zito, kikombe kimoja, ni la mwisho, nalo halitaki kuchemka kwa nguvu.

Hapo ndipo tulipokosea. Kitabu kilisema tu “tia tui, upike mpaka liwe tayari.” Mtoto atajuaje kuwa ni tayari? Dada alichochea moto, tui likakatika, mafuta yakaelea juu, naye akalia kwa kuwa nazi ile ilikuwa ya mwisho. Bibi, ambaye hakuona sufuria, alijua kwa sauti tu. Akamfundisha kukoroga pole pole upande mmoja, na kuepua mara mapovu madogo yanapoanza pembeni. Niliandika maneno yake kwa kalamu katika ukurasa ule, chini ya yale ya mwandishi.

Mara ya pili lilitulia. Mama alikula kitandani, na mdogo wetu akamkaribisha bibi kwanza, kisha mama, kisha mimi.

Wiki jana nimepata barua ya dada. Asema mama sasa atembea kwa gongo mpaka mlangoni, na kwamba wali wao huungua chini mara kwa mara, lakini tui halijakatika tena. Ufuta umekwisha, na bibi auliza nitaleta lini mwingine.