Je, Mpangilio wa Meno Waweza Kuharakishwa?

Mgonjwa aliyevaa waya wa meno huuliza swali moja kuliko yote: utavuliwa lini? Kwa mkaazi wa Makoongwe swali hilo lina uzito wa pekee. Kila miadi humlazimu kuvuka bahari hadi Mkoani, na mara nyingi kuendelea hadi Unguja au Dar es Salaam kumfuata daktari bingwa. Matibabu kamili huchukua takriban miaka 2. Ni haki yake kujua iwapo muda huo waweza kupunguzwa.

Jinsi jino linavyosogea

Jino halipenyi mfupani kama msumari ubaoni. Waya unapolisukuma, upande unaogandamizwa seli ziitwazo osteoklasti humeng'enya mfupa. Upande unaovutwa, osteoblasti hujenga mfupa mpya. Kwa kazi hiyo jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi. Kukaza waya kupita kiasi hakuongezi kasi. Nguvu kubwa huziba mishipa midogo ya damu, huchelewesha umeng'enyaji wa mfupa, na yaweza kuufupisha mzizi wa jino.

Njia zilizochunguzwa

Njia ya kwanza ni upasuaji. Mwaka 1959 Heinrich Köle alieleza namna ya kukata tabaka gumu la nje la mfupa wa taya. Mwaka 2001 ndugu wawili wa Marekani, William na Thomas Wilcko, waliiendeleza kwa kuongeza vipandikizi vya mfupa. Jeraha huamsha ukarabati wa mfupa, na jino husogea upesi zaidi, lakini kwa miezi michache tu. Gharama yake ni maumivu, uvimbe na hatari ya maambukizi. Baadaye ilikuja njia nyepesi ya kutoboa matundu madogo mfupani. Matokeo ya tafiti zake yanatofautiana.

Njia ya pili ni vifaa vya kutetemesha meno na mwanga wa leza hafifu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 kuhusu njia zisizo za upasuaji hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba zinafupisha matibabu. Mgonjwa asiuze mali yake kwa ajili ya vifaa hivyo.

Yaliyo mikononi mwetu

Miadi iliyokosekana, kibandiko kilichobanduka na fizi zilizovimba hurefusha matibabu. Mgonjwa apige mswaki kila baada ya chakula, na aepuke kutafuna miwa, barafu na kashata. Kwa maumivu atumie parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa kwa muda mrefu zaweza kupunguza mwendo wa jino. Mhudumu wa afya amtazame kinywani kabla ya safari na ampigie bingwa simu, ili mgonjwa asivuke bahari bure wala asikae wiki kadhaa na waya uliokatika.

Tahadhari

Wapo vijana wanaofunga mpira wa kufungia noti kwenye meno ya mbele ili kuziba mwanya upesi. Mpira huo huteleza chini ya ufizi, hupanda kuufuata mzizi na kuharibu mfupa, hata meno mazima yakang'oka. Mhudumu akiona meno ya mbele yamelegea ghafla kwa kijana mwenye afya, aulize kuhusu mpira, na ampe rufaa siku hiyo hiyo. Mwanya si ugonjwa. Watu wa mwambao wameuhesabu kuwa uzuri tangu zamani. Anayetaka kuuziba na aufunge kwa subira, chini ya uangalizi wa daktari.