Tumbaku, Vumbi la Mwamba na Tiba ya Kukaa Kituoni

Ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, mkoani Shinyanga, ukapita Bulyanhulu na kufika Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu katika Mkoa wa Geita, una mazao mawili yanayojulikana mbali. La kwanza huchimbwa chini ya ardhi. La pili huota juu yake, nalo ni tumbaku, ambayo wakulima wa Kahama na Bukombe huikausha kwa moto wa kuni ndani ya mabani na kuiuza kupitia vyama vyao vya ushirika. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania husafirishwa nchi za nje. Hata hivyo machimbo hayakosi tumbaku: sigara, misokoto, ugoro na kuberi hupatikana katika kila kibanda, na sigara huuzwa moja moja, usiku na mchana, kwa bei ambayo hata kibarua aliyekosa mbale siku hiyo huweza kuimudu.

Kwa taifa zima watumiaji wa tumbaku si wengi wakilinganishwa na nchi nyingine. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima walitumia tumbaku ya namna fulani. Miongoni mwa wanaume ilikuwa asilimia 14.6, na miongoni mwa wanawake asilimia 3.2. Lakini wastani wa taifa hauelezi hali ya mtu anayefanya kazi ndani ya vumbi. Kwake yeye sigara haidhuru peke yake.

Nikotini na ubongo

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, neno uraibu lilikuwa na maana ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vilivyotafunwa barazani na kukaribishwa wageni. Leo neno hilo hilo ndilo litumiwalo na waganga kwa hali ya mtu kushindwa kuacha kitu kinachomdhuru. Si ajabu kwamba maana imehama kutoka kwenye kitu hadi kwenye kifungo chake, kwani miongoni mwa vitu hivyo kimojawapo, yaani tumbaku, kina kemikali yenye nguvu kubwa ya kumfunga mtu.

Kemikali hiyo ni nikotini. Jina lake latokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, ambaye alipeleka tumbaku Ufaransa mnamo mwaka 1560. Nikotini halisi ilitenganishwa na jani kwa mara ya kwanza mwaka 1828 huko Heidelberg, Ujerumani. Mmea huitengeneza ili kujikinga na wadudu, na ni sumu kali. Mvunaji wa tumbaku anayebeba majani mabichi yenye umande huweza kupata kizunguzungu na kutapika hata kama hajawahi kuvuta sigara maishani mwake, kwa sababu nikotini huyeyuka katika maji na kupenya ngozi.

Moshi unapoingia mapafuni, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi. Huko hujishikiza katika vipokezi ambavyo kwa asili ni vya kemikali nyingine ya mwili iitwayo asetilikolini, na kwa kufanya hivyo husababisha kumwagika kwa dopamini, kemikali inayompa mtu hisia ya kuridhika. Utumiaji ukiendelea, ubongo huongeza idadi ya vipokezi hivyo. Kwa kuwa kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, vipokezi vingi hubaki vitupu, na mtu huona wasiwasi, hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu na kushindwa kutuliza akili. Hapo huwasha nyingine. Anachokiita raha ya sigara kwa kiasi kikubwa ni nafuu ya adha iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Kipo kipimo chepesi cha kujua uzito wa kifungo hicho, ambacho asili yake ni kazi ya mtaalamu wa Sweden, Karl Fagerström, katika mwaka 1978. Swali lake lenye thamani kuliko yote ni hili: tangu kuamka, mtu hukaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Aliyekwisha kuiwasha kabla ya dakika 5 kupita amefungwa barabara. Anayengoja hadi saa moja ipite ana nafasi kubwa zaidi ya kuacha bila dawa.

Moshi na vumbi katika pafu moja

Mwamba wenye dhahabu katika ukanda huu mara nyingi umechanganyika na jiwe gumu jeupe liitwalo kwatzi. Likitobolewa kwa mashine, likilipuliwa kwa baruti au likisagwa kwenye karasha, hutoa vumbi la silika, ambalo chembe zake zinazodhuru zaidi ni ndogo mno hata hazionekani kwa macho. Vumbi lionekanalo likitimka huishia puani na kooni. Lile lisiloonekana ndilo lifikalo mwisho wa mapafu. Upimaji uliofanywa kwa wachimbaji wadogo wa Rwamagasa, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2015, ulikuta kwamba watobozi wa mwamba chini ya ardhi walivuta silika kwa kiwango kilichozidi mara 300 kile kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama wa wafanyakazi. Hata juu ya ardhi, katika kusaga na kushughulikia mawe, kiwango kilizidi.

Mwili una njia mbili kubwa za kujihami. Ya kwanza ni vinyweleo vidogo vilivyotanda katika njia ya hewa, ambavyo hupunga bila kukoma na kuusukuma ute wenye uchafu kuelekea kooni. Ya pili ni chembe hai zinazozunguka ndani ya vifuko vya hewa na kumeza kila kigeni kilichofika huko. Moshi wa tumbaku huvilegeza na hatimaye kuviua vinyweleo, hivyo vumbi ambalo lingetoka hubaki. Chembe za ulinzi nazo huimeza silika lakini haziwezi kuiyeyusha. Hufa, na katika kufa kwake humwaga kemikali zinazosababisha makovu. Pafu lenye makovu hugeuka gumu, nalo ndilo pafu la mgonjwa wa silikosisi.

Balaa la tatu ni kifua kikuu. Vijidudu vyake huishi na kuzaliana ndani ya chembe zile zile za ulinzi ambazo silika imezidhoofisha. Uvutaji wa sigara peke yake huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu kwa kiasi cha mara mbili, na silikosisi huiongeza kwa mara kadhaa. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako afya ya wachimbaji ilifuatiliwa kwa miongo mingi, watafiti walibaini kwamba moshi na vumbi vikikutana, vifo vinavyotokana na kuziba kwa njia za hewa huzidi jumla ya madhara ya kila kimoja.

Iko pia hewa ya ukaa yenye sumu, kaboni monoksidi. Hushikana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mvutaji wa pakiti moja kwa siku huweza kuwa na asilimia 5, pengine hata 10, ya uwezo wa damu yake wa kubeba oksijeni uliokwisha kutekwa. Mtu huyo akishuka ndani ya duara lenye hewa nzito, muda mfupi baada ya baruti kulipuka au karibu na pampu ya mafuta inayovuta maji, huanza na upungufu ambao mwenzake asiyevuta hana. Jambo hili halisemwi mara nyingi katika mafunzo ya usalama machimboni, nalo lingestahili kusemwa kabla ya mengine.

Ugoro na kuberi havina moshi, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa salama. Nikotini yake ni ile ile na kifungo chake ni kile kile; kinachobadilika ni mahali pa kansa, ambayo hapa hupenda kinywa.

Kwa nini agizo la “acha” halitoshi

Mchimbaji huvuta akisubiri moshi wa baruti upungue, huvuta akilinda mbale usiku, huvuta njaa ikimbana, kwani nikotini hupunguza hamu ya chakula. Baada ya miaka michache kila kimoja cha vitu hivi, yaani harufu ya baruti, mlio wa karasha, giza la zamu ya usiku na ndugu wa duara anayenyoosha mkono wenye sigara, huwa kengele inayouamsha ubongo kudai. Kati ya watu wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao wenyewe, ni takriban 3 hadi 5 katika kila 100 wanaokuwa bado wameacha baada ya mwaka. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana moyo ni kupotosha sayansi.

Kutokana na hayo lilizaliwa wazo la kumtoa mgonjwa mahali penye kengele. Katika Kliniki ya Mayo, mjini Rochester, Marekani, matibabu ya kukaa kituoni kwa watumwa wa tumbaku yalianza mwaka 1992, na mgonjwa hukaa siku 8. Hesabu hiyo ina sababu: dhiki ya kuacha huanza baada ya saa chache, hufikia kilele katika siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka polepole kwa majuma 2 hadi 4. Mgonjwa huipitia sehemu mbaya kuliko zote akiwa chini ya uangalizi, akipewa nikotini safi kwa plasta au chingamu, au dawa kama vareniklini, huku akizungumza kila siku na mshauri na kuandaa mpango wa kurudi nyumbani. Ulinganisho uliofanywa katika kliniki hiyo ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kituoni waliofaulu walikaribia mara mbili ya waliotibiwa wakitokea nyumbani. Lakini waliokaa walikuwa watu walioweza kulipa gharama kubwa na kuacha kazi zao, jambo ambalo halikosi kuathiri hesabu.

Tanzania inazo nyumba za upataji nafuu, Zanzibar zikiwamo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, ila hizo zilianzishwa kwa ajili ya heroini na vileo vingine. Kujenga kituo cha tumbaku peke yake huko Geita kungekuwa anasa. Iko njia nyingine, na vitanda vyake vimekwisha kutandikwa.

Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na kwa miongo mingi wagonjwa walikaa humo kwa miezi. Leo wengi hutibiwa wakitokea kwao, lakini wenye hali mbaya bado hulazwa, huko na katika hospitali za mikoa na wilaya. Mchimbaji aliyelazwa kwa kifua kikuu ametengwa tayari na duara, baruti na wenzake wa zamu. Ana hofu ya kweli, na ana mhudumu anayemwona kila siku. Asipoulizwa habari ya tumbaku katika siku hizo, nafasi ambayo wengine huilipia fedha nyingi hupotea bure. Wodi yenyewe, bila shaka, sharti iwe haina moshi, na katazo hilo liwahusu watumishi pia.

Dawa zina masharti yake. Plasta ya miligramu 21 hufaa mtu anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku. Hutumiwa kwa majuma 6, kisha ya miligramu 14 kwa majuma 2, na ya miligramu 7 kwa majuma 2 mengine. Bupropioni, ambayo nayo husaidia kuacha, hupunguziwa nguvu na rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, basi mganga hana budi kulikumbuka hilo. Shirika la Afya Duniani liliingiza nikotini ya tiba katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na bupropioni na vareniklini mwaka 2021. Zahanati za vijijini huzipata kwa shida, na pale zisipopatikana, mazungumzo ya dakika chache yanayorudiwa kila juma bado yana faida iliyothibitishwa.

Baada ya kutoka wodini

Siku 8 humvusha mtu katika kilele cha dhiki, wala hazimponyi. Vipokezi vilivyoongezeka katika ubongo huhitaji majuma 6 hadi 12 bila tumbaku ndipo virudi katika idadi ya kawaida. Muda wote huo mchimbaji huwa amekwisha kurudi machimboni, na sigara moja ya kupewa huweza kuamsha yote. Kwa hiyo ufuatiliaji ndio unaoamua, na hapa pia kifua kikuu kina ratiba iliyo tayari. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na makohozi hupimwa mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Siku hizo hizo mgonjwa huweza kuulizwa kuhusu tumbaku, akapulizia kipimo kidogo cha kaboni monoksidi pale kilipo, na jibu lake likaandikwa katika kadi ile ile inayoandikwa makohozi, ili mhudumu wa mwezi unaofuata aanzie hapo.