Akiba Isiyopungua

Hesabu ya kompyuta yaweza kuchukua usiku kucha, na umeme ukakatika alfajiri. Kwa hiyo yatupasa kuweka akiba kazi ikiwa katikati. Lakini twawekaje? Sikilizeni habari hii ya kweli.

Mwaka 1961 Bwana Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika chuo cha MIT, Marekani, alikuwa na programu iliyoiga mwendo wa hewa kwa hesabu. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu hiyo. Hakuanza mwanzo, bali alichukua namba zilizochapwa na mashine katikati ya kazi, akazitia upya, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi aliona ajabu: hesabu mpya ilifuatana na ya kwanza kwa muda, kisha zikaachana kabisa. Alidhani mashine imeharibika. Kumbe, ndani ya mashine namba ilikuwa 0.506127, na karatasini ilichapwa 0.506 tu! Tarakimu tatu zilizokatwa ziligeuza mambo yote.

Kosa hilo laweza kutupata sisi tutumiao Python. Namba zake za desimali kwa kawaida hushika biti 64, yaani tarakimu 15 hadi 17. Ukiziandika katika faili la CSV kwa mtindo wa "%.3f", umerudia karatasi ya Lorenz. Andika "%.17g", nawe ukizisoma tena utapata namba zilezile. Na kama namba zako zimo katika jedwali la NumPy, amri hizi huziweka na kuzirudisha bila kupoteza hata biti moja:

import numpy as np
np.save("hali.npy", x)
x = np.load("hali.npy")

Tena, weka hali yote. Ukiiga mwendo wa sayari, mahali pake peke yake hapatoshi. Weka na mwendo wake, na saa uliyofikia. Vipimo, kama ni mita au kilometa, viandike kando, maana faili hilo halitakuambia.

Mwisho, jipime. Endesha hatua 1000 mfululizo. Kisha endesha 500, weka, funga programu, ifungue, soma akiba, umalizie 500. Majibu yakitofautiana, ujue kuna kitu ulichokiacha. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini iliyopungua yaweza kukudanganya.