Matanga Yakishaanuliwa: Kwa Ukoo wa Marehemu na Majirani

MSIFANYE

Msiseme kwamba mjane amemuua mume. Aliyekufa kwa kifua kikuu kaliwa na kifua kikuu. Huku Kanda ya Ziwa vikongwe, wajane wakiwamo, wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, eti macho yao ni mekundu. Wekundu ule ni wa moshi wa kuni na wa samadi walizopikia familia hizo hizo miaka yote. Tena tazameni mfuatano wake: hutangulia uvumi, halafu shemeji anaonekana akipima shamba kwa hatua.

Msihesabu mabati wala ng'ombe maiti ikiwa ndani.

Msimrithi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mjane yuko huru kuishi anapopenda, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye mwenyewe. Ukoo hauna kura hapo.

Nanyi kina mama, msimkwepe kisimani kwa hofu kwamba atawachukulia waume. Jana mlikuwa mkisukana nywele.

FANYENI

Muiteni kwenye kikao cha ukoo, aketi, asikilizwe. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla hajaweka dole gumba, kwa kuwa ndio utakaopelekwa mahakama ya mwanzo kuombea usimamizi wa mirathi. Wengi wamepoteza nyumba kwa karatasi wasiyosomewa.

Mwenyekiti wa kijiji, simama upande wake bila kusubiri kuombwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Usijifiche nyuma ya neno "desturi". Wajane wawili wa Shinyanga walifukuzwa majumbani mwao na ndugu za waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila iliyotumika ni ya kibaguzi, lakini ikakataa kuifuta. Ilibidi wafike hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 ndipo wakaambiwa kuwa walidhulumiwa. Miaka yote hiyo, kwa jambo ambalo wazee watano wenye haki wangelimaliza chini ya mwembe.

Kadi ya mume kwenye chama cha kuzikana iandikwe jina la mjane.

Na mkeka wa mwisho ukishakunjwa, nendeni kwake. Si kwa pole, pole amezisikia. Chukueni jembe, mkamlimie kabla mvua hazijakatika.