Kinyago chenye nywele za mtu: usikioshe, usikiuze haraka

Ukifungua sanduku la marehemu babu ukakutana na uso wa mti wenye nywele za binadamu, mdomo wazi, chale za nta mashavuni, usikimbilie beseni la maji. Hilo ni lipiko, kinyago cha Kimakonde kinachovaliwa kichwani kama kofia. Huku Chunyu, upande wa Nachingwea na Ruangwa, ambako Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wanaishi pamoja, kitu kama hicho kinaweza kutokea kwenye nyumba usiyoitegemea. Nywele ni za kweli, na hazina uchawi wowote: mchongaji alizipachika ili uso ufanane na mtu.

Kwanza zungumza na wazee. Lipiko ni mali ya jando, na kwa desturi wanawake na watoto wasiopita jandoni hawakitazami kikiwa wazi hivihivi. Shangazi akisema kisifunguliwe sebuleni, kifunguliwe chumbani.

Kisha kichunguze. Mapiko (wingi wa lipiko) ya zamani yamechongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji huyavaa akirukaruka; ukiinua kinyago chako kikawa kizito kama mpingo, huenda kilichongwa kwa ajili ya wageni. Geuza uangalie ndani. Mvaaji hukiinamisha na kuchungulia kupitia mdomoni, kwa hiyo kilichochezwa kina ukingo uliolainika, doa la jasho, pengine kamba au kitambaa chakavu. Kilichozeeshwa kwa moshi na rangi ya viatu huwa cheusi sawasawa kote, hata pembe ambazo hakuna mkono uliozifikia.

Sasa simu. Piga picha mbele, nyuma, pande zote mbili na ndani, rula ikiwa pembeni, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Kila ufa na kila nywele iliyong'oka ionekane. Andika kwenye daftari: nani alichonga, nani alicheza, kilikaa kwa nani. Hayo ndiyo ushahidi wako kikiibwa. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na hakikurudishwa Tanzania hadi 2010. Kama makumbusho yenye walinzi yaliibiwa, fikiria sanduku la chini ya kitanda.

Kusafisha: brashi laini kavu, basi. Maji yanavimbisha mti. Oili chafu tunayopaka nguzo kuzuia mchwa itazama ndani na haitoki tena. Vanishi nayo inafukia rangi ya awali. Ukiona unga mweupe usioujua, vaa glavu na unawe mikono, maana makumbusho na wakusanyaji wa zamani walinyunyizia vitu vyao sumu za wadudu, hata aseniki.

Nta ndiyo inayosumbua. Inalainika kwenye joto, kwa hiyo usikiweke darini chini ya bati, wala juu ya jiko, ingawa moshi unafukuza bungua. Kilaze juu ya karatasi nyeupe, ndani ya boksi lililofunikwa kwa shuka nyeupe safi, kwenye kichanja kilicho mbali na ukuta. Baada ya wiki chache angalia karatasi: unga mpya wa mti ukidondoka chini ya matundu, bungua bado wamo. Hapo usipulize dawa ya mbu. Wasiliana na Makumbusho ya Taifa, au anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

Kuhusu bei, subiri. Msimu wa korosho ukiisha na fedha zikipungua, wanunuzi wa vitu vya kale huja wakisema hicho ni kigogo tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kabla kitu cha namna hiyo hakijatoka nchini, na anayekwambia kibali si lazima anakuingiza wewe kwenye kesi. Mtake aandikishane nawe mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Akikataa, mpe chai, mwache aende zake.