BESI ISIKIKE, MASIKIO YASIHARIBIKE
Somo kwa vikundi vinavyotaka kununua vyombo vya muziki



Vikundi vingi vya vijana vimeona kwamba muziki si mchezo tu, ni kazi. Kwenye arusi, harambee, sherehe za shule na misa za parokia, kote huko watu wanatafuta wapigaji. Basi kikundi kinakusanya michango, kisha kinatuma watu wawili mjini wakanunue gita la besi na amplifaya. Mara nyingi wanaagizwa neno moja tu: "Leteni kubwa, inayolia kweli kweli."

Hapo ndipo shida inapoanzia. Gita likivunjika, fundi yuko. Spika ikipasuka, tutachanga tena. Lakini sikio la mpigaji likiharibiwa na kelele, hakuna fundi wala harambee ya kulirudisha. Leo tutasoma mambo mawili pamoja: kuchagua vyombo vya besi, na kukinga masikio. La kwanza hujadiliwa mkutanoni mpaka usiku. La pili halionekani hata katika kumbukumbu za katibu.

Muda wa somo: saa moja na nusu. Waitwe wapigaji, mweka hazina, na wazazi wa vijana walio na umri mdogo.

1. TUANZE NA KAZI, SI DUKA

Kabla ya kuuliza bei, jiulizeni: tutapigia wapi? Kanisani ndani ya kuta, au uwanjani? Kuna stima au tutatumia jenereta? Nani atabeba vyombo, na kwa gari gani? Kikundi kinachopiga katika kanisa la watu mia mbili hakihitaji vyombo vya uwanja wa michezo. Kikinunua hivyo, kitakuwa kimelipa pesa nyingi ili kuumiza watu.

2. BESI NI SAUTI YA NAMNA GANI?

Gita la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi ulio mnene kabisa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde moja, na zinazofuata mara 55, 73 na 98. Hiyo ni sauti nene sana. Sikio la binadamu husikia sauti nene kwa shida kuliko sauti nyembamba, kwa hivyo besi huhitaji nguvu nyingi zaidi ili isikike sawa na gita la kawaida.

Hata chombo chenyewe kilizaliwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1951 fundi Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gita la besi la umeme aliloliita Precision, kwa sababu lile zeze kubwa la kusimama lilikuwa linamezwa na vyombo vingine. Na hapa kwetu, sikiliza benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz: besi haijifichi nyuma, inatembea mbele na kusukuma wimbo. Kwa hivyo anayetaka besi isikike hakosei. Swali ni hili: isikike kwa uwazi, au kwa kelele?

3. KUCHAGUA GITA

Gita lililotumika laweza kuwa zuri kuliko jipya la bei rahisi. Mkifika dukani, fanyeni hivi:

(a) Shika gita kama mtu anayelenga mshale, uangalie shingo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa imejipinda kama ubao uliolala mvuani, liacheni.

(b) Bonyeza kila uzi kwenye kila nafasi ya shingo, moja baada ya nyingine. Pakitoka mlio wa kukwaruza au sauti ikizimika, uliza fundi kama yaweza kurekebishwa na kwa bei gani, kabla ya kulipa.

(c) Lichomeke kwenye amplifaya, uzungushe vifundo vyote. Vikikwaruza kidogo huenda ni vumbi. Sauti ikikatika katika, kuna waya umelegea ndani.

(d) Uliza kama lina betri ndani. Mengine hutumia betri ya volti 9, nayo ikiisha katikati ya arusi, gita linanyamaza. Yasiyo na betri yana shida chache kwa kikundi cha kijijini.

(e) Mpigaji mwenyewe alivae kwa mkanda kwa muda wa robo saa. Gita zito huumiza bega na mgongo. Kwa kijana au msichana mwenye mikono mifupi, yako magita ya besi yenye shingo fupi.

Tena, msipeleke mwenyekiti peke yake ati kwa sababu ni mwenyekiti. Mpelekeni mpigaji pamoja na mweka hazina. Mmoja anajua sauti, mwingine anajua risiti.

4. KUCHAGUA AMPLIFAYA

Msitumie amplifaya ya gita la kawaida kwa besi, isipokuwa kwa sauti ya chini sana ya mazoezi. Spika yake haikutengenezwa kwa mtikisiko huo, na karatasi yake huchanika.

Sasa tuje kwenye wati, maana hapa ndipo vikundi hupoteza pesa. Wengi hufikiri wati 200 hulia mara mbili ya wati 100. Si kweli. Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na sikio huona ni tofauti ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hivyo mtu akikushawishi uongeze maelfu ya shilingi utoke wati 100 hadi 200, fikiri kwanza kama pesa hizo hazingefaa zaidi kwenye spika nzuri.

Kwa mazoezi nyumbani, wati 15 hadi 30 zinatosha. Pamoja na ngoma kubwa, wati 100 hadi 300 zenye spika ya inchi 12 au 15 hufaa kikundi kidogo. Kama kanisa lina miksa na spika zake, amplifaya ndogo yenye tundu la kupeleka sauti kwenye miksa yatosha: mpigaji anajisikia kwa ile ndogo, watu wanasikia kwa spika za kanisa.

Angalieni stima pia. Kenya tunatumia volti 240. Chombo kilichotoka Marekani mara nyingi ni cha volti 120, nacho kikichomekwa hapa bila kibadilisha volti kitaungua. Plagi yenye meno matatu isikatwe jino la tatu ili iingie kwenye tundu bovu. Jino hilo linapeleka umeme wa hatari ardhini. Likikosekana, umeme huo waweza kupitia kwa mpigaji aliyeshika nyuzi za chuma.

5. SIKIO HUFANYA KAZI NAMNA GANI?

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojiviringa kama konokono. Kimejaa maji, na ndani yake mmesimama chembe ndogo zenye nywele, maelfu kadhaa. Sauti inapoingia, maji hutikisika, nywele hupinda kama mpunga kwenye upepo, na habari huenda kwenye ubongo. Upepo wa kiasi ukipita, mpunga husimama tena. Dhoruba ikipita mara nyingi, mpunga hulala na haunyanyuki. Tofauti na mpunga, nywele hizi kwa binadamu hazioti tena.

Zinazokufa kwanza kwa kawaida ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo sababu mgonjwa hajitambui. Atasema, "Mimi nasikia, ila watu siku hizi hawatamki vizuri." Ukimwambia "saa" anasikia "taa". Ukimwambia "fika" anasikia "shika". Nyumbani wanasema ana kiburi, mwalimu anasema ni mzembe, kumbe ni masikio. Wengine huanza kusikia mlio wa chenga usiokwisha, hata usiku kijiji kikiwa kimya.

Kuwa mpigaji maarufu hakukingi. Huko Uingereza, bendi ya The Who ilipiga Charlton, London, mwaka 1976, na kitabu cha Guinness kikaandika kwamba ndilo tamasha lililokuwa na kelele kuliko yote. Mpigaji wao wa besi, John Entwistle, alipoteza sehemu kubwa ya kusikia kwake kabla ya kufariki mwaka 2002. Mwenzake wa gita, Pete Townshend, ameeleza hadharani jinsi masikio yake yalivyoharibika, na amelaumu hasa spika ndogo za kuvaa masikioni alizotumia studioni. Vijana wenye simu na waya masikioni, mmesikia?

6. KELELE NA MUDA

Madhara hutegemea mambo mawili: ukubwa wa kelele na muda wa kukaa ndani yake. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wametoa kipimo hiki kwa siku moja, bila kinga:

Desibeli 85: saa 8
Desibeli 88: saa 4
Desibeli 91: saa 2
Desibeli 94: saa 1
Desibeli 97: dakika 30
Desibeli 100: dakika 15

Mnaona? Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu. Na kumbukeni, desibeli 3 ndizo mlizopata mlipozidisha wati mara mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100, tena lilitaka watu wapewe vizibo vya masikio na mahali pa utulivu pa kupumzikia. Arusi yetu huanza saa nne asubuhi ikaisha saa kumi na mbili jioni. Pigeni hesabu wenyewe.

Kama hamna kipimo, tumieni mkono. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, kelele imefikia mahali pa hatari.

7. MAMBO YA KUFANYA

Inua amplifaya. Ikiwa chini, besi inapiga magoti ya mpigaji, hajisikii, anaongeza sauti. Ipandishe juu ya kreti imara na uielekeze kwenye kichwa chake. Atajisikia kwa sauti ndogo.

Iondoe pembeni mwa chumba. Besi ikiwekwa kwenye pembe ya kuta mbili huvimba na kuvuma bila uwazi.

Anayezidiwa asiongeze, wengine wapunguze. Mpiga gita akiongeza, besi inaongeza, mpiga ngoma anatwanga zaidi. Mteueni mtu mmoja asiyepiga asimame katikati ya watu, na neno lake litiiwe.

Sogea mbali. Mahali pa wazi, ukitoka mita 2 kutoka kwa spika ukaenda mita 4, sauti hushuka kama desibeli 6, na muda wako salama huwa mara nne. Chini ya mabati haishuki kiasi hicho. Watoto wasiachwe wacheze mbele ya spika.

Vaeni vizibo. Vile vya sponji ni vya bei nafuu. Nawa mikono, kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie nusu dakika kivimbe. Sauti yako mwenyewe ikisikika kama uko ndani ya pipa, kimekaa. Usiazime vya mwenzako. Pamba haitoshi. Sponji huzuia sauti nyembamba kuliko nene, kwa hivyo mpigaji ataona nyimbo zimefifia. Viko vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote karibu sawasawa. Ni ghali kidogo, lakini huoshwa na kutumika tena.

Pumzisheni masikio. Baada ya kila saa, ondokeni kwenye kelele. Masikio yakilia baada ya sherehe, hiyo ni onyo hata kama mlio utaisha asubuhi. Ukiendelea zaidi ya siku mbili, nenda kituo cha afya. Na mtu akipoteza kusikia ghafula aende siku hiyo hiyo, asingoje. Msitie mafuta wala njiti sikioni.

8. WEKENI KWENYE BAJETI

Mkiandika bajeti, msiishie kwa gita na amplifaya. Ongezeni mkanda, waya mbili (moja ya akiba), nyuzi za akiba, mfuko wa kukinga vumbi, nauli, na vizibo vya kila mpigaji. Vizibo viandikwe pale pale penye nyuzi, kwa maana vyote viwili ni vitu vinavyokwisha na kununuliwa tena. Bajeti isiyo na vizibo mweka hazina asiitie sahihi.

Gita ni mali ya kikundi, na sikio ni la mtu mmoja. Lakini sauti itapandishwa kiasi gani, hilo ni jambo ambalo kikundi kizima huamua. Kijana wa miaka kumi na saba hawezi peke yake kumwambia bwana arusi, "Punguza." Kikundi kinaweza, tena kiliandike katika mapatano kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani huamua sauti iwe kubwa kiasi gani? Kwa nini yeye?
2. Kuna mtu hapa kijijini tunayemwita mkaidi au mzembe, kumbe huenda hasikii vizuri? Tutamsaidiaje?
3. Tenja akisema hatalipa mpaka tuongeze sauti, tutamjibu nini?
4. Tuandike sasa bajeti yetu. Kipi kimoja tutapunguza ili vizibo viingie?

KAZI YA WIKI HII: Katika mazoezi yajayo, inueni amplifaya juu ya kreti, kila mtu apunguze sauti kidogo, kisha mfanye jaribio la mkono. Katibu aandike mliyoyaona, na kikundi kiyasome katika mkutano unaofuata kabla ya mtu yeyote kutumwa mjini.